Kuchagua matibabu ya MAC ya mapafu: dawa mbili, dawa tatu, sindano au dawa ya kuvuta

Mgonjwa anakohoa kwa miezi, anapungua uzito na kutokwa na jasho usiku. Makohozi yake yakitazamwa kwa hadubini yanaonyesha vimelea vinavyofanana na vya kifua kikuu, lakini mashine ya GeneXpert inajibu kwamba vimelea vya kifua kikuu havikuonekana. Katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki, majibu hayo mawili yanayopingana huishia kwa mgonjwa kuanzishiwa dawa za kifua kikuu na, asipopata nafuu, kushukiwa kuwa ana kifua kikuu sugu. Kumbe vipimo vyote viwili huenda vilisema kweli. Hadubini haina uwezo wa kutofautisha kimelea cha kifua kikuu na ndugu zake, ilhali GeneXpert hutafuta chembe za urithi za kundi la kifua kikuu peke yake. Katika nafasi iliyobaki kati ya vipimo hivyo hujificha bakteria wengine wa jamii hiyohiyo, wanaoishi majini na udongoni, na wanaotajwa zaidi kati yao ni wa kundi la Mycobacterium avium, ambalo madaktari hulifupisha kwa kuliita MAC.

Makala haya yanalinganisha njia za kutibu MAC ya mapafu kwa kuangalia majaribio ya kitabibu yaliyozipima. Yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekwisha kuthibitishwa, kwa ndugu anayemuuguza, na kwa mhudumu wa afya anayekutana na ugonjwa huu mara moja katika miaka kadhaa. Uamuzi wa mwisho ni wa mgonjwa na daktari wake wakiwa na picha na majibu ya maabara mkononi, lakini uamuzi huo hufanyika vizuri zaidi pale ambapo pande zote mbili zinajua kila njia ilipimwa vipi, kwa watu gani, na ilimgharimu nini aliyeipitia.

Kabla ya dawa: je, ni ugonjwa kweli, na ni wa sura gani?

Kwa kuwa MAC huishi katika maji ya bomba, matangi na udongo, kuoteshwa kwake mara moja kutoka kwenye makohozi hakutoshi kusema kwamba mtu anaumwa. Mwongozo wa pamoja uliotolewa mwaka 2020 na vyama vinne vya kitabibu vya Marekani na Ulaya unadai mambo matatu yakutane: dalili za ugonjwa, picha ya kifua inayoonyesha mashimo au njia za hewa zilizopanuka zikiwa na vinundu, na vimelea vilivyooteshwa kutoka angalau sampuli mbili tofauti za makohozi. Sampuli moja inatosha tu iwapo imechukuliwa kwa kuosha njia za hewa kwa kutumia kamera ya kuingia mapafuni, au iwapo kipande cha nyama ya pafu kimeonyesha mabadiliko yanayolingana na ugonjwa. Mtu asiyetimiza masharti hayo hapaswi kuingizwa katika matibabu ya mwaka mmoja na nusu kwa sababu ya karatasi moja ya maabara.

Jambo la pili ni sura ya ugonjwa, kwa maana karibu kila ulinganisho unaofuata unageuka kulingana nayo. Ipo sura yenye mashimo, inayoonekana mara nyingi katika mapafu yaliyokwisha haribika kwa kifua kikuu cha zamani au kwa sigara, ambayo huenda kwa kasi na kula pafu. Ipo pia sura ya vinundu na njia za hewa zilizopanuka, ambayo hutambaa polepole kwa miaka. Jambo la tatu ni kipimo cha usugu dhidi ya dawa za jamii ya makrolaidi, yaani azithromaisini na klarithromaisini, na dhidi ya amikasini, antibiotiki ya sindano au ya kuvuta. Majibu ya maabara kuhusu dawa hizo ndiyo yanayotabiri kitakachotokea mwilini, wakati majibu kuhusu rifampisini na ethambutoli, dawa mbili za kifua kikuu zinazotumika pia hapa, hayana uwezo huo kwa MAC, hata yakiandikwa kwa wino mzito.

Familia nyingi huingia katika safari hii zikiwa zimekwisha mtengea mgonjwa sahani na chumba. MAC haiambukizwi kwa kukohoa kama kifua kikuu; mgonjwa huipata kutoka katika mazingira. Sahani na zirudishwe mezani.

Kusubiri nako ni njia ya matibabu

Chaguo la kwanza kulinganishwa ni kutoanza dawa. Mwongozo wa 2020 unaelekea upande wa kutibu kuliko kusubiri, hasa kwa mgonjwa mwenye mashimo au ambaye vimelea vyake vinaonekana hata kwa hadubini, kwa sababu hao ndio wanaoharibikiwa haraka. Lakini kwa mtu mwenye vinundu vichache, anayekohoa kidogo na ambaye uzito wake haupungui, kufuatilia kwa picha na makohozi, pamoja na mazoezi ya kutoa makohozi kifuani, ni uamuzi halali wa kitabibu. Baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo huacha kutoa vimelea bila dawa yoyote. Anayechagua kusubiri awe na tarehe ya kurudi iliyoandikwa, maana kusubiri bila tarehe ni kusahauliwa.

Dawa tatu au dawa mbili

Mchanganyiko unaopendekezwa na mwongozo huo ni wa azithromaisini, ethambutoli na rifampisini, kwa muda usiopungua miezi 12 tangu vimelea vitoweke kwenye makohozi, jambo linaloufanya muda wote kukaribia mwaka mmoja na nusu. Nguvu ya kuua vimelea iko hasa kwa azithromaisini. Ethambutoli hutegemewa kuilinda, ili vimelea visipate nafasi ya kujenga usugu dhidi yake. Rifampisini iliingia katika mchanganyiko huu kwa kurithiwa kutoka matibabu ya kifua kikuu, na ndiyo dawa ambayo watafiti wameuliza kwa muda mrefu kama inastahili kuwapo.

Rifampisini hubeba gharama zake. Hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, jambo lisilodhuru, lakini pia huchochea ini kuvunja dawa nyingine kwa kasi: vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, dawa za kuzuia damu kuganda huyumba, na anayetumia dolutegravir kwa ajili ya VVU hulazimika kuinywa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. La ajabu zaidi ni kwamba hupunguza hata kiwango cha makrolaidi katika damu, yaani dawa ileile ambayo iliwekwa kuisaidia. Klarithromaisini huathirika sana, kiwango chake kikishuka kwa zaidi ya nusu. Azithromaisini hushuka kwa kiasi kidogo zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuipendelea.

Mwaka 2014 watafiti wa Japani walichapisha jaribio lililowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 119 katika makundi mawili: moja lilipewa klarithromaisini, ethambutoli na rifampisini, lingine likapewa mbili za kwanza bila rifampisini. Baada ya miezi 12, vimelea vilikuwa vimetoweka kwa asilimia 40.6 ya waliopewa dawa tatu na kwa asilimia 55.0 ya waliopewa dawa mbili. Walioacha matibabu kwa sababu ya madhara walikuwa asilimia 37.2 katika kundi la dawa tatu na asilimia 26.6 katika kundi la dawa mbili.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa utulivu, kwa sababu mtu anaweza kuzichukua na kukimbilia kutupa rifampisini. Tofauti ya alama 14.4 za asilimia ilitokana na watu wachache, na hesabu za kitakwimu zilionyesha kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya faida ya alama 32.1 kwa upande wa dawa mbili na faida ya alama 3.4 kwa upande wa dawa tatu. Kwa hiyo jaribio halikuthibitisha kwamba dawa mbili ni bora. Lilionyesha kwamba dawa mbili hazielekei kuwa duni kwa kiasi kikubwa. Pili, makrolaidi iliyotumika ilikuwa klarithromaisini, ambayo ndiyo inayodhoofishwa zaidi na rifampisini, hivyo faida hiyo huenda isionekane kwa ukubwa huohuo ikitumika azithromaisini. Tatu, jaribio la miezi 12 lenye watu 119 ni dogo mno kuonyesha kama kuondoa dawa ya tatu kunazaa usugu, ambao hutokea kwa wachache na huchukua muda.

Nchini Marekani swali hilohilo lilipelekwa katika jaribio kubwa zaidi, linalojulikana kwa jina la MAC2v3, lililotumia azithromaisini kwa wagonjwa wasio na mashimo. Waandaaji waliliwekea malengo mawili yenye uzito sawa: kama vimelea vinatoweka, na kama mgonjwa anaweza kuvumilia mchanganyiko wake hadi miezi 12 iishe. Nawasifu kwa lengo hilo la pili. Kwa miaka mingi majaribio ya antibiotiki yalihesabu vimelea na kumwacha mgonjwa katika jedwali la madhara mwishoni mwa ripoti, ilhali katika ugonjwa unaotibiwa kwa mwaka na nusu, dawa ambayo mtu ameshindwa kuinywa haimwui bakteria hata mmoja.

Maoni yangu ni haya. Mgonjwa asiye na mashimo, ambaye vimelea vyake havina usugu dhidi ya makrolaidi, na ambaye rifampisini inagongana na dawa zake za VVU, za moyo au za kisukari, au inamtapisha kila siku, ana haki ya kumwuliza daktari kuhusu dawa mbili, na daktari anayekubali hatakuwa amefanya uzembe. Mgonjwa mwenye mashimo asikubali kupunguziwa dawa kwa kutegemea takwimu hizi.

Kosa ambalo halina ulinganisho

Kuna mstari usiovukwa: makrolaidi haipewi peke yake kwa mgonjwa wa MAC. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 51 ambao MAC yao ilikuwa imekwisha kuwa sugu dhidi ya klarithromaisini. 39 kati yao walikuwa wamepewa makrolaidi peke yake au pamoja na dawa ya jamii ya kwinoloni (kundi jingine la antibiotiki) tu, bila mlinzi wa kweli. Kati ya wagonjwa 14 waliofanyiwa upasuaji wa pafu na kuchomwa sindano kwa zaidi ya miezi 6, vimelea vilitoweka kwa 11. Kati ya 37 waliobaki, vilitoweka kwa wawili.

Nalitaja jambo hili kwa uchungu kwa sababu katika miji yetu azithromaisini hununuliwa dukani kwa kikohozi chochote, vidonge vitatu kwa siku tatu, kisha tena mwezi unaofuata. Kwa mtu mwenye MAC ambayo haijatambuliwa, kila mzunguko wa namna hiyo ni zoezi la kuwafundisha bakteria kuishi na dawa pekee iliyo na nguvu ya kutosha juu yao. Mhudumu anayemshuku mgonjwa kuwa na MAC na asimpe chochote hadi majibu ya kuotesha yarudi, anamtendea wema kuliko anayemwandikia azithromaisini ya kumtuliza.

Hali ni tofauti kidogo kwa aliyeanzishiwa dawa nne za kifua kikuu. Rifampisini na ethambutoli humgusa MAC kwa kiasi, isoniazidi na pirazinamidi karibu hazimgusi, na makrolaidi haimo kabisa. Ndiyo maana wagonjwa wengine hupata nafuu kidogo ya mwanzo inayowahadaa wote, kisha kikohozi kikarudi.

Kila siku au mara tatu kwa wiki

Kwa sura ya vinundu isiyo na mashimo, mwongozo unapendekeza dawa zitumiwe mara tatu kwa wiki. Kwa sura yenye mashimo, kila siku. Mhudumu aliyelelewa katika kliniki ya kifua kikuu atashtuka kuona ratiba ya mara tatu kwa wiki, kwa kuwa tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena ratiba hiyo kwa kifua kikuu. Huo ni ugonjwa mwingine, na kanuni yake haihamishiki.

Ulinganisho unaotegemewa zaidi hapa ulitoka Korea Kusini mwaka 2015. Haukuwa jaribio la bahati nasibu. Watafiti walitazama nyuma kumbukumbu za wagonjwa 217, kati yao 99 waliotumia dawa kila siku na 118 waliotumia mara tatu kwa wiki. Vimelea vilitoweka kwa asilimia 76 ya kundi la kila siku na asilimia 67 ya kundi lingine, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Tofauti yenye uzito ilikuwa katika uvumilivu: mchanganyiko ulilazimika kubadilishwa kwa asilimia 46 ya waliokuwa wakinywa kila siku dhidi ya asilimia 21, na ethambutoli iliachwa na asilimia 24 dhidi ya asilimia 1 tu. Kwa kuwa ethambutoli ndiye mlinzi wa makrolaidi, ratiba inayomfanya mtu mmoja kati ya wanne aiache ni ratiba inayofungua mlango wa usugu.

Tofauti hiyo inaeleweka zaidi kwa hesabu ya nyumbani. Kwa miezi 18, anayekunywa kila siku anakabili dozi zipatazo 547. Anayekunywa mara tatu kwa wiki anakabili 234. Mtu wa kilo 50 hupewa ethambutoli miligramu 15 kwa kila kilo katika ratiba ya kila siku, yaani 750, ambazo kwa wiki ni 5,250. Katika ratiba ya mara tatu hupewa miligramu 25 kwa kila kilo, yaani 1,250 kwa dozi na 3,750 kwa wiki. Dozi moja ni kubwa zaidi, lakini mzigo wa wiki nzima ni mdogo, na jicho, ambalo ndilo ethambutoli hulidhuru, hupata siku za kupumzika.

Kwa mgonjwa wa vinundu, basi, naona ratiba ya mara tatu kwa wiki ndiyo chaguo la kwanza bila kusitasita sana. Kwa mwenye mashimo, au aliyekwisha kutibiwa akashindwa, ratiba hiyo ni dhaifu.

Kuongeza sindano mwanzoni

Kwa mashimo, kwa njia za hewa zilizoharibika sana, au kwa vimelea sugu dhidi ya makrolaidi, mwongozo unashauri kuongeza amikasini ya mshipani au streptomaisini katika miezi 2 hadi 3 ya mwanzo. Ushahidi wa sindano hizi ni jaribio la Japani la mwaka 2007 lenye wagonjwa 146, wote wakitumia vidonge, nusu wakichomwa streptomaisini mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu na nusu wakichomwa sindano isiyo na dawa. Mwishoni mwa matibabu vimelea vilikuwa vimetoweka kwa asilimia 71.2 ya waliochomwa dawa na asilimia 50.7 ya wengine. Hata hivyo, baada ya matibabu, waliorudiwa na ugonjwa hawakutofautiana kwa uzito wa kitakwimu kati ya makundi.

Upande wa pili wa mizani ni masikio na figo. Wauguzi wa kifua kikuu sugu katika eneo letu wanaujua mlio wa sikioni ambao hauondoki na ukimya unaofuata, maana kwa miaka mingi sindano za jamii hiyo zilikuwa sehemu ya matibabu, hadi Shirika la Afya Duniani lilipohamia vidonge. Uzoefu huo ni hazina kwa mgonjwa wa MAC. Hospitali iliyozoea kupima usikivu wa masikio kila mwezi na kufuatilia figo inaweza kumpa sindano kwa usalama. Isiyo na kifaa cha kupima masikio isianze, hata kama dawa ipo ghalani.

Amikasini ya kuvuta

Njia mpya kuliko zote hapa ni amikasini iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo sana vya mafuta viitwavyo liposomu, ambayo mgonjwa huivuta kwa mashine yake maalumu mara moja kwa siku, miligramu 590. Mantiki yake ni nzuri: MAC hujificha ndani ya seli za ulinzi za mapafu, na seli hizo humeza vifuko hivyo, hivyo dawa hufika pale adui alipo na kidogo tu ndicho kinachoingia katika damu. Marekani iliiidhinisha Septemba 2018 kwa jina la Arikayce, kwa watu wazima ambao hawana njia nyingine au wamebakiwa na chache. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2020 na Japani mwaka 2021.

Jaribio lililofungua mlango huo liliitwa CONVERT. Liliwahusisha wagonjwa 336 ambao makohozi yao yaliendelea kuwa na vimelea baada ya angalau miezi 6 ya vidonge. Wawili kati ya kila watatu waliongezewa dawa ya kuvuta juu ya vidonge vyao, na mmoja aliendelea na vidonge peke yake. Ilipofika mwezi wa sita, vimelea vilikuwa vimetoweka kwa asilimia 29.0 ya kundi la kwanza dhidi ya asilimia 8.9 ya kundi la pili. Kwa lugha ya kawaida, kati ya wagonjwa watano waliopewa dawa hii, mmoja zaidi alifaulu kwa sababu yake; watatu na zaidi walibaki na vimelea vyao. Ufuatiliaji ulionyesha kwamba miezi mitatu baada ya kumaliza matibabu yote, wagonjwa 36 kati ya 224 wa dawa ya kuvuta walikuwa bado hawana vimelea, wakati katika kundi la vidonge peke yake, lenye watu 112, hakuwapo hata mmoja. Kwangu takwimu hiyo ya mwisho inasema mengi kuliko ya kwanza, kwa kuwa inapima kilichobaki dawa ilipokwisha.

Upungufu wake nao usifichwe. Madhara ya mfumo wa hewa, hasa sauti kukauka, kikohozi na kubanwa kifua, yaliwapata asilimia 87.4 dhidi ya asilimia 50.0. Umbali ambao mgonjwa aliweza kutembea kwa dakika sita haukuongezeka zaidi ya ule wa kundi la kulinganishia. Kila mtu alijua alichokuwa akipewa, kwa sababu hapakuwa na dawa bandia ya kuvuta, ingawa kuota kwa vimelea maabarani hakubadilishwi na matumaini ya mgonjwa. Bei yake ni kubwa mno, jambo linaloiweka mbali na wengi wa wasomaji wa makala haya, isipokuwa ndugu zetu wanaoishi katika nchi ambazo bima huilipia.

Jaribio lingine, ARISE, liliwachukua wagonjwa 99 ambao ugonjwa wao ulikuwa mpya au umerudi na walikuwa hawajaanza dawa. Wote walipewa azithromaisini na ethambutoli. Nusu wakavuta amikasini ya liposomu na nusu wakavuta liposomu tupu. Kufikia mwezi wa saba, vimelea vilitoweka kwa takriban asilimia 79 dhidi ya asilimia 47. Ni matokeo ya kutia moyo, ila jaribio lilikuwa dogo na lengo lake kuu lilikuwa kupima ubora wa maswali yanayotumiwa kumwuliza mgonjwa kuhusu dalili zake. Mwongozo wa 2020, ulioandikwa kabla yake, ulishauri dawa hii isiwe ya kuanzia.

Baadhi ya hospitali huchukua amikasini ya kawaida ya sindano na kuivutisha kwa mashine ya kawaida. Inaweza kuwa msaada mahali pasipo na njia nyingine, lakini haina vifuko vya liposomu, na takwimu za CONVERT haziwezi kuazimwa kwa ajili yake.

Klofazimini, na ndugu mkali zaidi

Klofazimini, tunayoifahamu kwa ukoma na kwa kifua kikuu sugu, hutumiwa badala ya rifampisini kwa wagonjwa wasioivumilia. Haigongani na makrolaidi ini linapozivunja, jambo jema, lakini huirefusha hatua moja ya mpigo wa moyo ambayo azithromaisini nayo huirefusha, kwa hiyo kipimo cha umeme wa moyo ni lazima. Ngozi hugeuka kuwa nyeusi zaidi na rangi hiyo huchukua miezi mingi kuondoka. Mgonjwa aelezwe kabla, hasa mahali ambapo weusi wa ghafla wa ngozi huzua maneno ya jirani.

Msomaji ambaye karatasi yake ya maabara inataja Mycobacterium abscessus asitumie ulinganisho huu. Bakteria huyo ana jeni ambayo, ikiwa hai, humfanya ajifunze kuikataa azithromaisini ndani ya siku chache, na matibabu yake huanza kwa dawa kadhaa za mshipani. Jaribio la FORMaT, linaloongozwa kutoka Australia, limejengwa kwa namna ya kupima michanganyiko kadhaa chini ya mpango mmoja, kwa kuwa ugonjwa huo ni adimu mno kuweza kufanyiwa jaribio jipya kwa kila swali.

Ukialikwa kushiriki katika jaribio

Kwa msomaji aliye karibu na kituo cha utafiti, kushiriki katika jaribio ni chaguo jingine la kulinganishwa na haya. Uliza kundi la kulinganishia litapewa nini: je, ni matibabu kamili ya sasa au pungufu? Uliza pia kama makrolaidi italindwa katika makundi yote, nani atalipia dawa baada ya jaribio kufungwa, na kama watakufuatilia baada ya dawa kuisha. Swali hili la mwisho lina sababu yake. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014, wagonjwa wa sura ya vinundu waliotibiwa kwa ukamilifu walipata vimelea tena kwa karibu nusu, na robo tatu ya vimelea hivyo vilikuwa vipya kutoka katika mazingira. Havikuwa masalia ya vile vya zamani. Jaribio linalofunga daftari siku ya kidonge cha mwisho haliwezi kutofautisha dawa iliyoshindwa na bomba lililoambukiza upya.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kabla ya dozi ya kwanza mgonjwa apimwe macho, akijaribiwa pia kutofautisha nyekundu na kijani, ili ethambutoli ikianza kumdhuru ijulikane. Apimwe umeme wa moyo, ini na figo, na masikio iwapo atapata amikasini au streptomaisini kwa njia yoyote. Atoe makohozi mengine ya kuotesha asubuhi hiyo, kwa sababu miezi 12 ya mwisho huanza kuhesabiwa tangu vimelea vitoweke, na asiye na kipimo cha mwanzo, wala cha kila mwezi mmoja au miwili baada ya hapo, hatajua siku ya kuanzia kuhesabu.